Ubao Usio na Jina la Fundi

Katika shule nyingi kongwe za mkoa wetu wa Kilimanjaro, ukiingia ofisini kwa mkuu wa shule utaona ubao umetundikwa ukutani. Umeandikwa kwa rangi majina ya wakuu wote tangu shule ilipoanza, pamoja na mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Mara nyingi wa mwanzo ni wazungu, mapadre au wachungaji, kisha yanafuata majina yetu sisi. Ni jambo zuri, silikatai. Lakini ndugu msomaji, mimi nikisimama mbele ya ubao kama huo jicho halitulii kwenye majina. Linapanda darini kutafuta alama ya maji. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ni fundi wa matengenezo katika shule moja ya sekondari huku mlimani, juu ya mji wa Moshi. Jina la shule naliacha, maana kesho nataka kuamkia kazini.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunisogeza mbele, nikaenda kujifunza bomba na kuchomelea. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Wenzangu wa karakana wananicheka, eti fundi gani ana wino mwingi kuliko grisi mikononi! Nawaambia kwamba Adam Shafi aliwapa makuli wa Unguja kitabu kizima, Kuli, kilichotoka mwaka 1979. Fundi wa shule sijamkuta katika kitabu chochote nilichosoma. Basi kabla sijamaliza riwaya yangu nimeona niandike kwanza historia, kwa sababu fundi wa hapa Kilimanjaro hakuanza na wamisionari wala na serikali.

Alianza na nyundo. Mamba, kule upande wa Marangu, kulikuwa na wahunzi mashuhuri tangu zamani, na wapo wanaofua chuma hadi leo, watalii huenda kuwatazama. Huku kwetu chuma chenyewe hakikuwa kikipatikana kwa wingi. Kilitoka Upare, Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua. Mikuki, majembe, mundu na kengele, vyote vilipitia moto wa watu hao. Na walikuwa watu wa kuogopwa! Nyundo ya mhunzi iliweza kutumika kulaania, na laana yake haikuchezewa. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi Kidia, Old Moshi, kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi na sanaa yake katika fikra za Wachagga. Naona fahari kidogo hapo. Siku hizi fundi haogopwi na mtu. Anaambiwa, "We fundi, njoo hapa," na mtoto wa kidato cha kwanza.

Jambo la pili ambalo babu zetu walilijua ni maji. Mifongo ya Uchagga, ile mifereji inayochota maji kwenye mito ya juu na kuyazungusha kwenye kingo za vilima hadi kihambani, iliwashangaza wasafiri wote wa karne ya 19 waliopita hapa. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha macho ya kioo. Mtu alitazama kilima, akatembea, akachimba, maji yakamfuata. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, ukoo fulani au kundi la majirani, na siku ya kusafisha kila mmoja alitoka na jembe. Asiyetoka alitozwa. Hilo la kutozwa nitalirudia, maana ndilo linalokosekana mashuleni.

Wamisionari walifika mapema. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, wakafika Old Moshi mwaka 1896. Lakini tusijidanganye kwamba majengo yote ya wakati ule yaliinuka kwa nyimbo za dini. Upande wa serikali ya Kijerumani, Wachagga walifanyishwa kazi kwa lazima. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake, aliyekuwa akiamuru akiwa Kapteni Kurt Johannes. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo ukoo wake unakitafuta. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin vilipata ndugu wa mafuvu matatu, mojawapo likiwa la mshauri wa Meli, lakini la Meli mwenyewe halikupatikana. Nalitaja hili kwa sababu kila ninapogonga jiwe la ukuta wa zamani huwa najiuliza aliyelibeba alikuja kwa hiari au kwa kiboko. Jiwe halisemi.

Kabla ya reli, mzigo wa pwani ulipanda huku kwa vichwa vya wapagazi. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika chini kule tambarare, na mji ukaifuata. Moshi ya zamani ikabaki mlimani na kuitwa Old Moshi, Moshi mpya ikakaa stesheni. Reli ndiyo iliyoleta bati, saruji, kioo na bomba la chuma kwa wingi. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi na majani ya migomba ikaanza kurudi nyuma. Watu wanasema bati lilileta maendeleo. Sawa, lakini na fundi pia lilimleta, kwa sababu msonge ulitengenezwa na mwenye nyumba na majirani zake, ila bati likitoboka unamhitaji mtu mwenye ngazi. (Kengele ya shule yetu, kwa taarifa yako, ni kipande cha reli kilichofungwa kwenye mti. Ukikigonga kwa nondo sauti inafika hadi barabara kubwa.)

Waingereza walipochukua nchi, shule ya serikali ya Old Moshi ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka 1924 ikaja Afrika Mashariki ile Tume ya Phelps-Stokes, ambayo ndani yake alikuwamo Dokta Aggrey kutoka Afrika Magharibi, na moja ya nyimbo zake kubwa ilikuwa elimu ya mikono: kilimo, useremala, ufundi, afya. Wazee wetu hawakuipenda sana nyimbo hiyo. Walikuwa wanaona wazi kwamba anayeshika kalamu ndiye anayekaa kivulini. Ukiwaambia watoto wao wakajifunze kupiga randa, walidhani unataka kuwabakiza chini. Kwa hakika hawakukosea sana! Mkoloni alisifu ufundi, ila mshahara mzuri alimpa karani. Dharau hiyo kwa kazi ya mikono, ambayo tunapenda kuwalaumu vijana wa leo, mzizi wake uko hapo kwenye karatasi za malipo.

Mwaka 1957 shule ya ufundi ilifunguliwa Moshi, ya pili baada ya ile ya Ifunda. Baadaye zote mbili zikawa sekondari za ufundi, zikajumuishwa na wenzao kama Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru. Mimi sikubahatika kusoma Moshi Tech. Lakini fundi aliyenifundisha alikuwa na vitu ambavyo huvipati siku hizi: alikuwa akichora kwanza. Bomba likipasuka, wengine tunakimbilia spana. Mzee yule alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akachora kwenye karatasi ya sigara maji yanakotoka na yanakokwenda, ndipo akasimama. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaniitikia "Marahaba mwanangu, usiguse koki hiyo," vyote kwa pumzi moja.

Yeye ndiye aliyenieleza siri ya mlima. Watu wa tambarare hulia kwamba maji hayana nguvu. Sisi huku tunalia kwamba yana nguvu mno. Maji yetu yanatoka chemchemi za juu, karibu na msitu, yanashuka yenyewe bila pampu. Sasa, kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa 1 ya msukumo. Tangi likiwa mita 100 juu ya bweni, koki ya bweni inapigwa na baa 10, na koki nyingi za madukani hazikutengenezwa kwa mateso hayo. Washa zinakatika kila wiki, viungo vinatema, wanafunzi wanafunga koki kwa matambara. Dawa si kununua koki nyingine. Dawa ni kujenga kitangi katikati ya mteremko, chenye boya, maji yaingie pale, yapumzike, ndipo yaanze safari upya. Wenye mifongo walikuwa na akili hiyohiyo, mfereji wao haukushuka moja kwa moja bali ulizunguka kilima taratibu. Niliposikia hivyo nilikaa kimya nusu saa. Nilisoma fizikia miaka minne, hakuna aliyeniambia kwamba fizikia ilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu.

Zikafuata shule za kahawa. Ninaziita hivyo mimi, si jina rasmi. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, kilisaidia elimu kwa fedha za wakulima, na hata serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, wazazi wa Kilimanjaro hawakuacha tamaa ya shule. Katika miaka ya 1980 sekondari za wananchi, za makanisa na za Jumuiya ya Wazazi ziliota kila kata. Jumamosi ilikuwa msaragambo: akina mama na mchanga kichwani, wanaume na tofali, kijana anakoroga zege kwa koleo. Kenchi zilipigwa na fundi wa kijiji kwa malipo ya mbege na shukrani.

Ni historia ya kujivunia, na mimi najivunia. Lakini nikiwa fundi lazima niseme linaloonekana kutoka juu ya ngazi. Msaragambo ulijenga, haukutengeneza. Watu hutoka kwa mamia siku ya kuweka jiwe la msingi, mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa. Miaka 15 baadaye msumari wa bati umelegea, hakuna mgeni rasmi wa msumari. Mfongo ulikuwa na siku yake ya kusafishwa kila mwaka na faini kwa asiyetoka. Shule haikupewa siku hiyo. Nayo miaka yenyewe ilikuwa migumu: baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vitu viliadimika nchini, saruji na kioo vikawa hadithi, hadi milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kahawa duniani yalivunjika, bei ikaanguka, na mfuko wa mzazi wa Kichagga ukaanguka nayo.

Ukitembea katika majengo ya wakati huo utaisoma habari hii bila kitabu. Bati la mwanzo ni nene, geji 28, linadumu. Linalofuata ni geji 32, jembamba kama karatasi, ukikanyaga vibaya unaingia darasani kwa juu. Madirisha ya mwanzo yana fremu za mbao na vioo. Yanayofuata hayana vioo, yana nondo.

Hapo kwenye nondo ndipo ninapotaka tukae.

Nondo ya dirishani ilikuwa jibu la busara wakati wake. Kioo hakuna, wezi wapo, magodoro ya shule yanaibwa, na kwenye bweni la wasichana kuna hofu nyingine ambayo kila mzazi anaijua. Fundi aliitwa akaambiwa: ziba. Akaziba. Alipanga nondo za milimita 12, akazizika kwenye zege juu na chini, kazi safi kabisa, hakuna mwizi angepita. Bweni likabaki na mlango mmoja, na mlango huo usiku ukafungwa kwa kufuli upande wa nje.

Mwezi Juni 1994, bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga, huku kwetu Rombo, liliwaka moto usiku. Walikufa wasichana wapatao 40. Wengi wetu tunaoandika humu hatukuwa tumezaliwa, lakini nenda Rombo uliseme jina hilo mbele ya mama wa makamo, utaona uso wake unavyobadilika. Tukadhani ni msiba wa mara moja. Wenzetu wa Kenya wakazika wasichana 26 wa Bombolulu mwaka 1998, na wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001, ambako madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwezi Agosti 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2020 watoto 10 katika shule ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 wavulana 21 huko Nyeri.

Watu huuliza nani aliwasha. Mshumaa, waya, mwanafunzi mwenye hasira, yote yametajwa kwa nyakati tofauti. Mimi swali langu ni la kifundi: walitokea wapi? Bweni la godoro za sponji halingoji. Moshi wake unaangusha mtu kabla moto haujamfikia. Wenye kuishi wanahesabu dakika chache, na katika dakika hizo hakuna anayetafuta matroni mwenye ufunguo. Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama mashuleni: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Maneno mazuri. Lakini mwongozo haushiki msumeno. Lazima apatikane mtu wa kupanda na kukata, na mtu huyo ni fundi wa kibarua ambaye hata kwenye kikao hakualikwa.

Nilipoanza kazi hapa nilizunguka mabweni na daftari. Wasichana 64 katika bweni moja, mlango mmoja, madirisha 10, yote nondo. Nikaenda kwa matroni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Choo tena?"

"Hapana mama. Nataka kukata madirisha mawili kila bweni."

Alinitazama kama nimemtukana. "Fundi, wewe hujawahi kulala hapa usiku. Mimi ndiye ninayewajibika mtoto akitoroka. Akirudi na mimba wazazi watakuuliza wewe?"

Sikumwona mjinga, na nawaomba nanyi msimwone hivyo. Hofu yake ilikuwa ya kila siku, ya kwangu ilikuwa ya siku moja ambayo pengine haitakuja. Katika mashauri ya namna hii hofu ya kila siku ndiyo hushinda. Nikamwambia sitaki kuondoa, nataka kugeuza. Nikachora, kama mzee alivyonifundisha: fremu ya chuma bapa, nondo zilezile zimechomelewa ndani yake, bawaba mbili nzito upande mmoja, na komeo la ndani linalofunguka kwa kuvuta mara moja, bila ufunguo. Kwa nje ni grili kama grili, mwizi hapati pa kushika. Kwa ndani ni mlango.

Ilichukua miezi minne. Mkuu wa shule alisema hakuna fungu. Bodi ilisema wapewe taarifa ya maandishi, nikaandika kurasa tatu, ndiyo insha yangu ya kwanza kusomwa na watu wazima. Mzazi mmoja mwenye gereji mjini akatoa chuma bapa na boksi moja la fimbo za kuchomelea. Umeme ulikuwa ukikatika mchana, kwa hiyo madirisha mengine nimeyachomelea saa kumi na mbili asubuhi, wasichana wakiwa kwenye mstari wa parade.

Nilipomaliza nikaomba tujaribu. Nilimwita msichana mdogo kuliko wote wa kidato cha kwanza, nikamfunga kitambaa machoni, nikamwambia, mdogo wangu, toka. Matroni alikuwa anahesabu kwa sauti. Binti alipapasa ukuta, akapata komeo, akavuta, akasukuma, akaruka kwenye maua ya shule. Matroni alikuwa amefika tisa. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Rudia. Safari hii wawe 20."

Waliporudia, wa mwisho alitoka matroni akihesabu 71. Nikaona sehemu ya kukanyagia iko juu mno kwa wafupi, nikaongeza kipande cha bomba chini ya dirisha, kikawa ngazi. Mambo madogo kama hayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Yanaonekana pale tu mtoto anapopanda.

Sasa kuna hili la kufuli. Wiki tatu baada ya kazi nilikuta mtu ametundika kufuli kwenye komeo moja. Hakuna aliyesema ni nani. Nilikata kwa msumeno, nikalitia kwenye kopo stoo. Muhula uliofuata likaja jingine, nalo nikakata. Mkuu wa shule ametangaza parade, bodi imeandika barua, na mimi kila Ijumaa jioni nazunguka na msumeno mfukoni, dirisha kwa dirisha, 12 jumla katika mabweni sita. Kwenye kopo zipo nne. Ya tano niliikuta juzi bweni la pili, mpya kabisa, bado ina karatasi ya bei ya duka.